Dakika Nje ya Duara: Kisa cha Mtoto Aliyeuma Katika Chekechea Inayosema Inapokea Wote

Wazazi wanne walikuja ofisini Jumatatu kabla masomo hayajaanza. Hawakutaka kukaa. Mmoja wao, mama wa msichana ambaye Ijumaa alirudi nyumbani na alama ya meno mkononi, alisema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hatumchukii mtoto wa mtu. Tunaomba tu ahamishwe." Nyuma yake, ukutani, palikuwa na maandishi ya rangi ambayo kila anayeingia chekechea yetu huyaona kwanza: *Kila mtoto ni wetu, hapa hakuna anayeachwa.* Maneno hayo niliyaandika mimi, msimamizi wa elimu jumuishi shuleni hapo, na niliyaamini siku ile kama ninavyoyaamini leo. Kisa hiki ni cha wiki zilizofuata. Ndani yake nilijifunza kusoma maadili ya shule yangu kwenye ratiba ya siku: nani yuko wapi, yuko na nani, kwa dakika ngapi.

Mtoto nitamwita K. Wazazi wake wamesoma maelezo haya na kuridhia, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.

Hali ilivyokuwa

K alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Alikuwa na wiki sita tangu aingie darasa la watoto 18, lenye mwalimu mmoja na mwalimu msaidizi mmoja. Maneno yake yalikuwa kama ishirini, mengi yakiwa majina ya vitu. Masikio yalikuwa yamepimwa na ni mazima. Daktari wa watoto alikuwa amewaambia wazazi kwamba uchunguzi wa usonji ungeanza, lakini miadi ilikuwa mbali, na sisi hatukuwa na karatasi yoyote yenye jina la hali yake. Alipenda maji, magurudumu, na kupanga vitu kwa mstari. Asubuhi aliuachia mkono wa mama bila kilio, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya matofali ya mbao. Wiki mbili za mwanzo tuliona mambo yanakwenda.

Kisha akaanza kuuma. Daftari la ajali lilionyesha mara tano katika wiki nne. Ngozi haikuchanika hata mara moja. Kila mara tuliosha kwa maji na sabuni, tukaweka kitambaa chenye baridi, tukaandika, tukampigia simu mzazi wa aliyeumwa. Kuuma ni jambo la kawaida kwa watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka. Mtoto wa miaka minne mwenye maneno ishirini, kwa upande wa lugha, bado yuko kwenye umri ule, hata kama miguu na meno yake ni ya miaka minne. Hilo tulilijua sote. Hakuna aliyeliingiza kwenye mpango wa darasa.

Uamuzi wa kwanza, ambao niliuunga mkono

Mwalimu mkuu ni mtu wa huruma, na pendekezo lake lilitoka kwenye huruma: K aje hadi saa tano badala ya saa sita na nusu, na akiwa darasani akae na mwalimu msaidizi kwenye meza iliyo karibu na mlango. "Kwa faida yake mwenyewe, asichoke," alisema. Mama K alikubali papo hapo. Nilimwona akikubali kabla hajamaliza kusikia, na nilipaswa kushtuka hapo. Mzazi anayekubali haraka hivyo mara nyingi ni mzazi anayeogopa kwamba akisita ataambiwa mtoto asije kabisa.

Mimi nami nilikubali. Kwa siku tisa hakuna aliyeumwa, wazazi wanne wakatulia, na kwenye kikao cha walimu tuliandika kwamba suala limepata ufumbuzi.

Nadhani hapa ndipo shule nyingi huishia, na kwa nia njema kabisa. Ufumbuzi ule ulitimiza kila tulichokuwa tunakipima. Tulikuwa tunapima meno tu.

Kilichonitoa kwenye utulivu huo ni jambo dogo. Siku ya kumi nilipita darasani wakati wa kipindi cha duara. Watoto walikuwa wakiimba wimbo wa majina, ule ambao kila mtoto anatajwa na wenzake wanapiga makofi. Walitaja majina kumi na saba. Hakuna aliyegundua kwamba limebaki moja, hata mwalimu, na K mwenyewe alikuwa mezani kwake mlangoni, amewapa mgongo, anazungusha kifuniko cha chupa. Nilimuuliza msichana mmoja aliyekuwa pembeni: "K yuko darasa gani?" Akafikiri kidogo, akanijibu: "K ni wa mwalimu msaidizi."

Jibu lile sikuweza kulala nalo.

Kuhesabu

Siku tatu zilizofuata nilikaa darasani na saa na daftari. K alikuwa anakaa shuleni dakika 180 kwa siku. Niliandika kila alipokuwa: kwenye mkeka na wenzake, kwenye meza ya mlangoni, kwenye korido akitembezwa, msalani, uwanjani. Kwa wastani, dakika 77 kwa siku alikuwa nje ya kundi. Zilizobaki alikuwa karibu na wenzake, lakini mtu mzima alikuwa amekaa kati yake na wao muda wote, kama ukuta wenye upendo. Kwa siku zote tatu, watoto wengine walimsemesha mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo walikuwa wanamwambia aache kitu.

Ukiongeza dakika 90 alizokatwa mwisho wa siku, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Shule iliyoandika kwamba hakuna anayeachwa ilikuwa imemwacha mtoto mmoja zaidi ya nusu ya siku, kila siku, na ilifanya hivyo kwa ratiba iliyosainiwa.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ililieleza jambo hili vizuri mwaka 2016, katika Maoni yake ya Jumla Na. 4. Inatofautisha hali nne: mtoto kunyimwa shule, mtoto kuwekwa kwenye shule ya pembeni, mtoto kuingizwa kwenye shule ya wote kwa sharti la kujirekebisha mwenyewe aendane nayo, na mwisho shule yenyewe kujibadilisha ili imfae. Ile ya tatu ndiyo tuliyokuwa tunaifanya, na tulikuwa tunaiita kwa jina la ya nne. Kamati inasema wazi kwamba kumweka mtoto katika darasa la kawaida bila kubadili mpangilio, namna ya kufundisha na mbinu hakuhesabiwi kuwa ujumuishi.

Kuhusu mwalimu msaidizi aliyegandamana na mtoto, hili nalo si geni. Mwaka 1997 Michael Giangreco na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wasaidizi wanaokaa karibu mno na wanafunzi wenye ulemavu. Waliona kwamba ukaribu ule humtenga mwanafunzi na wenzake, humfanya amtegemee mtu mzima, na humwondoa mikononi mwa mwalimu wa darasa. Nilikuwa nimesoma hayo miaka mingi nyuma. Mwalimu msaidizi wetu alikuwa anafanya kile tulichomwomba afanye, kwa bidii na kwa upole, na lawama haikuwa yake.

Meno yalikuwa yanasema nini

Baada ya hapo nilirudi kwenye daftari la ajali. Safari hii sikuangalia nani aliumwa. Niliangalia saa. Njia hii ni ya kawaida na haihitaji mtaalamu: unaandika kilichotokea kabla, tendo lenyewe, na kilichofuata baada yake. Tulikaa na walimu wote wawili na kukumbushana kila tukio kadiri tulivyoweza.

Kabla: matukio manne kati ya matano yalitokea ndani ya dakika tano za kengele ya kukusanya vitu. Ile ni kengele ya mkono, ya shaba, yenye sauti kali. Inapolia, watoto 18 wanainuka kwa pamoja, matofali yanaporomoka kwenye ndoo, kila mtu anakimbilia rafu ya viatu iliyo kwenye kona nyembamba. Tukio la tano lilikuwa kwenye foleni ya kwenda uwanjani, mtoto wa nyuma alipomsukuma.

Tendo: kila mara aliyeumwa ni yule aliyekuwa amebanana naye zaidi. Hakuwahi kumfuata mtu. Yule msichana hakuchaguliwa. Alikuwa amesimama karibu, basi.

Baada: na hapa ndipo nilipoona tulivyomfundisha. Kila alipouma, mtu mzima alimshika mkono na kumtoa nje, kwenye korido yenye utulivu, mpaka darasa litulie. Kwa mtoto anayeumizwa na kelele, hakuna jibu zuri kuliko hilo. Hakuwa na neno la kusema "imetosha, nitoeni hapa," akatumia meno, nasi tukamtoa. Mara tano. Mtoto mwenye akili hujifunza kwa mara chache kuliko hizo.

Nilimpigia Mama K kumuuliza kama nyumbani kuna kelele zinazomsumbua. Alinyamaza kidogo. "Mwalimu, kengele ya mlangoni kwetu tuliing'oa mwaka jana. Alikuwa anajificha chini ya kitanda na kujiuma mkono." Kwa nini hakutuambia? "Hamkuniuliza. Na mimi niliogopa kuonekana naleta masharti."

Nilitoa fomu yetu ya kujiunga nikaisoma upya. Inauliza chanjo, mzio, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, simu ya dharura. Hakuna mstari unaouliza kinachomtisha mtoto, wala kinachomtuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na jibu la kisa chote hiki lilikuwa nyumbani kwa mzazi tangu siku ya kwanza. Sisi tulikuwa tumengoja karatasi ya daktari, kana kwamba jina la hali ndilo lingetuambia habari ya kengele. Jina lingeweza kusaidia mengine. Kwa kengele, alihitajika mama na swali moja.

Kikao na wazazi, nilipoanza vibaya

Tuliwaita wale wazazi wanne, mmoja mmoja. Nilimtanguliza mama wa msichana, na nilimjibu kama mtu anayetetea kesi. Nilimweleza kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unakataza ubaguzi, kwamba Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu ya mahitaji maalumu, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92, liliitaka shule ya kawaida ipokee watoto wote, na kwamba Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwalimu, mimi nauliza mkono wa mwanangu, wewe unanijibu mikataba."

Alikuwa na haki. Na nikikumbuka vizuri, mkataba ule wa 1989 niliokuwa naunyoosha mbele yake unamlinda na binti yake pia: kifungu cha 19 kinamkinga mtoto dhidi ya madhara akiwa chini ya uangalizi wa mtu yeyote, na kifungu cha 12 kinataka asikilizwe. Nilikuwa nimegawa haki upande mmoja.

Basi nilianza upya kwa kumuuliza binti yake yukoje. Akaniambia mambo ambayo hatukuyajua. Msichana alikuwa anavaa sweta ya mikono mirefu hata siku za joto. Alikuwa akiamka usiku. Na kilichomkera zaidi haikuwa meno. Siku ile walimu walimwambia amkumbatie K na kusema amemsamehe, na yeye hakutaka.

Kwa kweli desturi hii ya "kumbatianeni yaishe" imejaa katika shule za awali, na tunaiita malezi ya upendo. Ninaipinga. Mtoto aliyeumia ana haki ya kutotaka kuguswa na aliyemuumiza kwa muda anaohitaji yeye, na kumlazimisha kunamfundisha kwamba mwili wake ni mali ya amani ya darasa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa upande wa K, kukumbatiwa kwa ghafla mara tu baada ya kelele kulikuwa ni kelele nyingine. Hakuna mtoto kati ya wawili hao aliyefaidika. Aliyefaidika ni mtu mzima aliyekuwa anatazama.

Tulikubaliana na mama huyo mambo ya kushikika. Nyakati za kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine, mtu mzima awe umbali wa mkono kutoka walipo watoto hao. Binti yake afundishwe, pamoja na wenzake wote, kunyoosha kiganja mbele na kusema "simama" kwa sauti. Asilazimishwe kukaa karibu na K wala asizuiwe akitaka. Lolote likitokea, apigiwe simu na mwalimu wa darasa ndani ya saa moja, asisubiri kulikuta kwenye daftari jioni. Na baada ya wiki mbili tukutane tena, tarehe tukaiandika palepale.

Baba mmoja kati ya wale wanne aliuliza: "Ana ugonjwa gani huyu mtoto?" Nilimjibu kwamba habari za afya za mtoto yeyote hatuzitoi kwa mzazi mwingine, na kwamba za mwanawe pia tunazifunga hivyohivyo. Hakufurahi. Lakini naona jibu lile lilimfaa mwishowe, maana alikuja peke yake wiki kadhaa baadaye kuzungumza kuhusu kigugumizi cha mtoto wake.

Tulichobadilisha darasani

Kengele ya shaba tuliiondoa. Badala yake mwalimu anazungusha saa ya mchanga ya dakika tano na kuiweka mahali watoto wote wanapoiona, kisha anapita kundi kwa kundi akiwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba mchanga ukiisha tunakusanya. Kadi za picha zinazoonyesha mfuatano wa siku zilibandikwa kwa urefu wa macho ya mtoto, na kila shughuli inapoisha, mtoto wa zamu anaigeuza kadi yake.

Rafu ya viatu tuliigawa sehemu mbili, kila moja upande wake wa chumba. Foleni tukaifuta kabisa. Watoto hutoka wanne wanne. Ni ajabu jinsi foleni ilivyokuwa imekaa katika kichwa changu kama sehemu ya shule ya awali, wakati sikumbuki hata siku moja iliyomfaa mtoto wa miaka minne.

K alipewa kazi. Dakika mbili kabla mchanga haujaisha, yeye na mwenzake mmoja, anayebadilika kila siku, wanabeba kikapu cha vikombe hadi uwanjani. Anatoka kabla msongamano haujaanza, na anatoka kama mtu mwenye jukumu, si kama mtu anayeondolewa. Ilichukua siku nne kabla hajaelewa, na siku ya pili alimwaga vikombe vyote kwenye korido na kuvipanga kwa mstari. Mwenzake wa siku hiyo akakaa chini akavipanga naye.

Tulimfundisha pia ishara ya mkono ya "imetosha" na kadi nyekundu yenye maana hiyohiyo. Tuliwafundisha watoto wote 18, si yeye pekee, na walimu walianza kuitumia wenyewe. Jambo la lazima hapa ni kwamba akiionyesha, lazima ipate jibu mara moja, kila mara. Ishara inayopuuzwa humrudisha mtoto kwenye meno, na atakuwa na sababu.

Mwalimu msaidizi aliondoka kwenye meza ya mlangoni. Akawa msaidizi wa darasa zima, akizunguka. Alipinga mwanzoni, na alikuwa mkweli: "Mimi sikusomea watoto hawa. Mkiniondoa pale, akiuma nitalaumiwa mimi." Tuliandika kwamba hatalaumiwa, na mwalimu mkuu akasaini. Bila saini ile nisingetegemea abadilike.

Kuhusu "sikusomea watoto hawa," nilimsimulia habari ambayo mimi mwenyewe naipenda sana. Vifaa vingi vilivyomo kwenye darasa letu, vipande vya mbao vya kuchomeka kwenye matundu yake na herufi za karatasi ya msasa za kufuatisha kwa kidole, vilitujia kupitia Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia. Lakini kabla hajafungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, alikuwa amefanya kazi na watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki, akijenga juu ya kazi za madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliowafundisha watoto wa aina hiyo kabla yake. Mbinu zilizowafaa watoto hao ndizo alizowapelekea watoto wa San Lorenzo, na kutoka hapo zikaenea duniani. Kwa hiyo tunapomwambia mtoto kama K kwamba chekechea si mahali pake, tunamfukuza kwenye nyumba iliyojengwa na watu wake. Mwalimu msaidizi hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata nilimkuta akimwonyesha K herufi za msasa, na watoto wengine watatu wakingoja zamu.

Kilichotokea, na kisichotokea

Wiki ya nne ya mpango mpya K alirudishiwa saa zake zote. Tuliongeza nusu saa kila wiki, maana alikuwa ameshazoea kuondoka mapema na kumrudisha ghafla kungekuwa kosa jingine.

Katika wiki kumi na moja za mpango huo aliuma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya pili, mpango ukiwa bado mchanga. Mara ya pili ilikuwa wiki ya nane, siku ambayo mwalimu wa darasa aliugua, akaja mwalimu wa kushikilia zamu, akaikuta kengele ya shaba kabatini na kuipiga. Hakuna aliyemwambia. Kosa hilo ni langu: mpango mzima ulikuwa vichwani mwa watu wawili.

Nilihesabu tena dakika, siku tatu, kwa njia ileile. Nje ya kundi: dakika 19 kwa siku kwa wastani, nyingi akiwa amejichagulia mwenyewe kona tulivu, ambayo sasa iko wazi kwa mtoto yeyote na inatumiwa na wengi. Watoto walimsemesha mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu siku ya pili. Bado hachezi nao kwa maana ya kugawana mchezo. Anacheza kando yao, na anawatazama. Mildred Parten, aliyechunguza michezo ya watoto wadogo na kuchapisha kazi yake mwaka 1932, aliitaja namna zote mbili, kutazama na kucheza sambamba, kuwa ni namna za kushiriki. Nimeamua kuziheshimu hivyo na kutomsukuma.

Watoto wawili wengine, ambao tulikuwa tunasema ni walizi tu, waliacha kulia wakati wa kukusanya vitu. Kumbe nao walikuwa wanaiogopa kengele. Wao walilia, kwa hiyo tuliwabeba. K aliuma, kwa hiyo tulimtoa.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Familia moja kati ya zile nne ilimhamisha mtoto wao, na sikufanikiwa kuwabakiza. Watu wazima wawili kwa watoto 18 bado ni wachache, na siku mmoja anapokosekana mpango unayumba. Mtu akiniambia kwamba ujumuishi bila mikono ya kutosha unawachosha walimu na kuwaweka watoto hatarini, nitakubaliana naye, kisha nitamwomba tuende pamoja kudai hiyo mikono. Sitakubali iwe sababu ya kumpunguza mtoto.

Na Mama K. Kwa wiki zile zote za mwanzo alikuwa anasimama getini mchana akiwaomba radhi wazazi wenzake, mmoja baada ya mwingine, hata siku ambazo hakuna kilichotokea. Aliniambia akiona namba ya shule kwenye simu tumbo linamkata. Tulikuwa hatujawahi kumpigia kwa habari njema. Sasa mwalimu humtumia ujumbe mara mbili kwa wiki kuhusu jambo la kawaida kabisa: leo amevua viatu mwenyewe, leo amecheka na fulani. Ni kazi ya dakika mbili. Siku moja alikuja getini akakutana na mama wa yule msichana, nikaona wanasalimiana na kuendelea kuongea. Sijui walisema nini, na si kazi yangu kujua.

Fomu ya kujiunga imeongezwa maswali matatu: nini kinamtisha mtoto wako, nini kinamtuliza, na anatuambiaje akichoka. Tumeandika pia kanuni kwamba hakuna mtoto atakayepunguziwa saa za shule bila sababu ya maandishi, tarehe ya mwisho wa mpango huo, na nafasi ya mzazi kulifikiria nyumbani kabla ya kusaini.

K anaingia darasa la juu na mwalimu mpya. Tumeandaa ukurasa mmoja wa makabidhiano, utakaobandikwa ndani ya mlango wa kabati, pale kengele ilipokuwa, ili hata mwalimu wa kushikilia zamu auone. Nilimpa mama yake ausome kwanza. Mstari wa tatu nilikuwa nimeandika: "Hapendi kelele." Aliomba kalamu, akaongeza neno moja mbele yake, kisha akanirudishia: "Hapendi kelele asizozitarajia." Akanieleza kwamba nyumbani K mwenyewe ndiye anayewasha redio, kila asubuhi, na anaiwasha kwa sauti ya juu.